Kungoja Sailensi

Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani nina maumivu kumbe nilikuwa nawaza. Sijui kama ni kweli, ila kwenye nyumba yetu kila mtu alikuwa na kazi yake, na kazi yangu ilikuwa wasiwasi. Wenzangu walilala mvua ikinyesha, mimi niliamka kwenda kupapasa magunia ya mahindi kama yamelowa. Kwa hiyo nikisema kwamba miaka miwili kabla ya kuolewa niliishi kwa hofu, wanaonifahamu watauliza ni miaka ipi ambayo sikuishi hivyo. Lakini hofu ile ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imeegeshwa uani kwetu.

Lilikuwa ni lori. Baba alilinunua mnadani miaka ile biashara ilipofunguliwa, watu binafsi wakaanza kununua kahawa na kila mwenye gurudumu akajiona tajiri. Lilikuwa limezeeka tayari. Msimu wa kahawa lilibeba kahawa, na siku nyingine zote lilibeba ndizi kutoka kwetu Kibosho juu kwenda soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Mimi nilikuwa mchuuzi wa ndizi. Nilipanda mbele pamoja na baba, na akina mama wenzangu walipanda nyuma juu ya mikungu, wamejifunga khanga mbili mbili kwa baridi.

Watu wa mjini hawajui Julai ya kule juu. Ukungu unashuka kutoka msituni, unakaa migombani mpaka jua liwe kali, na chuma ukikishika asubuhi kinakung'ata vidole. Dizeli nayo haipendi baridi. Baba alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyethubutu kuuingilia. Kwanza jiko la mkaa lenye moto uliokolea lilisukumwa chini ya injini, kwenye sampu, bakuli la oili, ili oili iliyoganda kama uji wa jana ianze kulainika. Halafu alipanda, akawasha hita ya kupasha injini, akangoja, akazungusha ufunguo. Lori likakohoa, likakataa, likakohoa tena, kisha likashika kwa kishindo ambacho kuku wetu hawakukizoea mpaka wanachinjwa.

Hapo moshi mweupe ulijaa uani. Ulikuwa mzito na ulichoma macho, na ulinuka mafuta mabichi, kwa sababu injini ya baridi haiunguzi yote inayopewa. Injini yenyewe ilitetemeka ovyo. Ilipanda, ilishuka, ilitaka kuzima, ikaghairi. Mtu asiyejua hukanyaga mafuta wakati huo, akidhani anaisaidia. Baba hakukanyaga. Alisema mtu aliyeamka sasa hivi humwambii akimbie. Alivuta kidogo tu akseleta ya mkono, akakunja mikono kifuani, akangoja sailensi.

Neno hilo nilieleze, maana ndilo lililotaka kutuua. Madereva na mafundi wetu huita sailensi ule mngurumo wa injini ikiwa imesimama, mguu haujagusa mafuta. Gari likikosa sailensi linazimika kila likisimama. Likiwa na sailensi nzuri linanguruma vilevile, pale pale, bila kubabaika. Kwa nini kelele ile ikapewa neno la Kiingereza la ukimya, mimi sijui. Nadhani kwa dereva ukimya ni kukosa habari mbaya. Nyumbani kwetu tulikulia na neno hilo. Hata mtoto akiamka analia, mama alisema mwacheni kwanza ashike sailensi ndipo mumuulize ana nini.

Lakini tulikuwa na jambo la pili la kungoja, nalo ni upepo. Breki za lori lile zilitumia upepo ambao injini huusukuma na kuuweka kwenye mtungi. Usiku kucha ulivuja, na asubuhi mtungi ulikuwa mtupu. Injini ikiwa kwenye sailensi iliujaza tena taratibu, na mpaka ujae kulikuwa na kengele ndani ya kebini iliyolia bila kupumzika. Saa ya kuonyesha upepo ilikufa kabla hatujalinunua lori, spea yake tukaikosa, kwa hiyo kengele ndiyo tuliyoitegemea. Ikinyamaza, breki zipo. Ikiwa bado inalia na wewe ukaondoka, basi una shehena ya ndizi na mama za watu juu yake, mbele yako mteremko wa Kibosho, na chini ya mguu wako hamna kitu.

Mama aliipima kengele kwa rozari. Kiangazi ilinyamaza kabla hajamaliza tendo moja, yaani Salamu Maria kumi. Julai, baridi ikikaza mipira na viungio vikivuja zaidi, ilimchukua matendo mawili, siku nyingine hata matatu. Alisema ni lori pekee mkoani linalowapeleka watu mbinguni kwa sala kabla halijaondoka.

Sasa nije kwenye asubuhi yenyewe. Injini ilikuwa imetulia, moshi umeanza kuwa mwepesi, lakini kengele ilikuwa bado inalia. Baba akaingiza gia. Nikamwambia kengele bado. Hakunijibu. Nikadhani ana hasira, maana jana yake tulikuwa tumebishana juu ya tairi, na baba akinuna alikuwa hajibu. Nikarudia. Akaachia hendibreki, tukaondoka.

Kwenye kona iliyo juu ya kijito alikanyaga breki na lori halikusikia. Nilimwona anakanyaga mara ya pili, ya tatu. Akarudisha gia mpaka namba moja, injini ikalia, akalisugua lori kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Kule nyuma mama mmoja akaanzisha wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya kutetemeka, na wengine wakampokea. Baba alisema breki zililala. Akashuka, akazunguka lori, akarudi. Wakati huo mtungi ulikuwa umejaa na kengele imekoma, na yeye hakugeuza hata kichwa. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha pembeni.

Nilichunguza wiki nzima nikaelewa. Kioo kile kilitetemeka pamoja na injini. Injini ikiwa baridi kilicheza mpaka huoni kitu ndani yake. Ikishika sailensi kilitulia. Baba alikuwa anaingoja sailensi kwa macho. Kengele hakuwa anaisikia kabisa. Siku za joto haikuleta madhara, kwa kuwa injini kutulia na upepo kujaa vilikuja karibu pamoja. Julai vinaachana, injini inatangulia na upepo unabaki nyuma.

Niliogopa mpaka nikashindwa kula. Hofu ya lori ilikuwa moja, na hofu ya baba ilikuwa nyingine, na ya pili ndiyo iliyoniumiza. Mtu yule alikuwa anatambulika kwa masikio yake. Mafundi walimfuata mpaka shambani wakimwomba aje asikilize injini zao. Ningemwambia mama, mama angewaambia wenzake wa jumuiya ili wamwombee, na kufikia Jumapili watu wangekuwa wanampigia kelele baba yangu kwenye uso kama anayesalimiwa kutoka ng'ambo ya mto. Nisingevumilia. Kwa hiyo nilifunga mdomo, nikaamka mapema kuliko kengele.

Kuanzia hapo sikukosa hata asubuhi moja. Nilikaa mbele, nikasikiliza, na kengele iliponyamaza niligonga dashibodi mara mbili kwa vidole, mbele ya macho yake, kama mtu anayejiliwaza. Siku ya kwanza alinitazama muda mrefu. Kisha akaingiza gia. Hakuuliza kitu, wala mimi sikueleza. Akawa hagusi gia mpaka nimegonga. Nikiugua malaria nilikwenda na homa yangu. Mama alidhani napenda sana biashara.

Mara moja nilijaribu hila. Nilimwambia baba sikio langu linauma, tupitie hospitali ya Mawenzi tukitoka sokoni. Nilitumaini akiwa ndani ya mlango daktari atamtazama na yeye. Nikapimwa mimi. Sikio zima, safi, nikaambiwa niache kulichokonoa. Baba alikaa kwenye benchi nje na kofia yake magotini, na nilipotoka aliniuliza kama nimepona, na uso wake haukuonyesha lolote. Nusu ya njia ya kurudi nilikuwa nalia kwa hasira, nikimwambia ni vumbi.

Katika hali hiyo ndipo mwanaume wa Sanya Juu alipokuja na posa. Alikuwa anauza viazi Mbuyuni, meza ya pili kutoka kwangu, mpole, mwenye subira ya ajabu, na nilimpenda. Lakini kila waliponitajia tarehe nilipata udhuru. Kwanza nilisema tungoje kahawa iuzwe, halafu nikasema Kwaresima inakaribia, halafu nikasema sina uhakika. Mama akaanza kuninong'oneza kwamba mwanamke akizidi kuchagua hupata koroma. Baba ndiye aliyemaliza. Tulikuwa ndani ya lori, kengele imenyamaza, nimeshagonga, na yeye hakuingiza gia. Alisema tu, bila kunitazama, kwamba lori lile lilikuwepo kabla yangu na litakuwepo nikiondoka. Nikakubali harusi. Ikapangwa Jumamosi ya Julai, mwezi ule ule wa baridi.

Desturi yetu bibi harusi hatoki nje mpaka wanaomchukua wafike. Kwaya na akina mama wa jumuiya wangetangulia kanisani kwa lori, na baba alikuwa ameapa kwamba atawapeleka yeye mwenyewe, kisha atanisubiri mlangoni mwa kanisa tuingie pamoja. Mimi ningefuata kwa pikapu ya kuazima. Kwa maneno mengine, asubuhi yenye baridi kuliko zote ningekuwa nimefungiwa chumbani wakati lori linawashwa.

Nikamfundisha baba mdogo. Huyu ni mdogo wake baba, mkulima, mtu mwema ambaye kwenye gari alijua kufungua mlango tu. Nilimwambia akae mahali pangu, na kengele ikinyamaza agonge dashibodi mara mbili, kwa kuwa baba amezoea hivyo. Hakuuliza sababu. Alinigongea mezani nimsahihishe, akagonga tena, akafurahi.

Asubuhi ya harusi majiko yote ya mkaa yalikuwa yamechukuliwa na wapishi. Ndizi na nyama zilihitaji moto, na hakuna aliyekumbuka injini. Nilikuwa nimekaa kitandani, gauni limeshafungwa, nywele zinabanwa, nikasikia baba anawasha lori bila jiko. Lilikataa kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuomba likatae kabisa. Likashika. Moshi mweupe ukapenya dirishani, na wanawake waliokuwa wananivika wakaruka kulifunika gauni kwa shuka. Injini ilikuwa inacheza vibaya kuliko nilivyowahi kuisikia, na kengele juu yake inalia.

Kwaya ilikuwa imeshapanda nyuma, wakaanza kuimba. Waliimba kwa nguvu, wanapiga miguu kwenye bodi la lori, na wengine wanamhimiza baba kwamba padri hangoji mtu. Nikawaza kwamba kwa makelele yale baba mdogo hataisikia kengele, na akihimizwa atagonga tu. Nikatafuta wa kumtuma. Aliyekuwa karibu ni shangazi.

Shangazi yangu huyu ni dada mkubwa wa baba, na alikuwa mtawa. Alikuwa ameishi nyumba ya masista tangu msichana, akapewa ruhusa ya siku mbili kuja kwenye harusi. Sote tulimwita Sista, hata baba. Akiingia mahali wanaume waliokaa walisimama bila kujua kwa nini. Nikamshika mkono nikamwambia:

"Sista, nakuomba uwaambie wangoje sailensi."

Alinitazama kwa upole mkubwa, macho yakamjaa machozi. Akanifanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akatoka. Nikashusha pumzi.

Sikujua kwamba kule konventini nao wana neno lao. Baada ya sala ya jioni masista hawasemi mpaka asubuhi, na kimya hicho wanakiita silensi. Kwa Sista ni kitu kitakatifu. Yeye alielewa kwamba bibi harusi, mpwa wake, anaomba utulivu mbele ya Mungu kabla ya kufunga ndoa yake. Alisimama uani, akanyanyua mkono mmoja, na kwaya yote ikakatika katikati ya mstari. Kisha akakwenda kwenye kebini, upande aliokaa baba mdogo, akamwambia mtoto anaomba silensi, na huo mlio unaomsumbua uzimwe.

Baba mdogo hakuwahi kumkatalia Sista kitu maishani mwake. Alipapasa chini ya dashibodi, akauona waya, akauvuta. Kengele ikanyamaza. Na kwa kuwa kengele imenyamaza, alifanya nilivyomfundisha. Akagonga mara mbili.

Hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi kule chumbani nilisikia nyimbo zinakatika, nikashangaa, halafu nikasikia kengele inakatika. Mkononi nilikuwa na rozari niliyopewa na mama, na nilikuwa nasali kama yeye, kwa kupima. Nilikuwa sijafika nusu ya tendo la kwanza. Baridi ile, bila jiko, mtungi ule usingeweza kujaa. Tena kengele ikimaliza yenyewe hufifia kwanza, inakwaruza kidogo kabla ya kukoma. Hii ilikatwa. Nikasikia mtu analiondoa jiwe kwenye tairi, kisha gia ikaingia.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mtu alinishika shela na shela ikabaki mikononi mwake. Viatu vyangu vilikuwa bado kwenye boksi, mlangoni kulikuwa na mabuti ya mama ya kuendea zizini, nikavaa hayo. Nilitoka nikazunguka nyumba, nikasimama mbele ya lori, katikati ya moshi, nimenyanyua mikono miwili.

Baba alikuwa ameshaanza kuachia klachi. Lori lilinijia hatua moja, likasimama kwa hendibreki na kwa huruma ya Mungu, maana pale uani bado ni tambarare. Ningechelewa kidogo lingekuwa limeshavuka geti, na baada ya geti ni mteremko mpaka kijitoni. Kule juu ya lori walikuwa mama zangu wadogo, majirani, wasichana niliosoma nao. Wote walinitazama na mabuti yangu. Nadhani walifikiri nimekataa kuolewa.

Nilipanda kwenye ngazi ya kebini upande wa baba, nikasogeza uso wangu mpaka dirishani. Sikupiga kelele, kwa sababu ningepiga kelele wangejua. Nikasema polepole, kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti, kwamba kengele imekatwa waya na upepo bado. Alifuata midomo yangu. Akamgeukia baba mdogo, ambaye alikuwa bado ameushika waya mkononi kama mtu aliyeng'oa karanga. Akaelewa yote.

Hapo mama mmoja wa kwaya akauliza kutoka juu, bila ubaya wowote, kwani mzee mwenyewe hakusikia kama imekatika ghafla?

Nilikuwa na uongo mwingi. Miaka miwili nilikuwa nauweka akiba kwa ajili ya swali hilo hilo. Ningesema baba alikuwa anaongea nami, au kwaya ilimchanganya, na wangeamini. Nilifungua mdomo. Baba akaninyamazisha kwa kuniwekea mkono begani. Akazima injini, akafungua mlango taratibu ili nisianguke, akasimama kwenye ngazi akiwa na suti yake na tai niliyomfunga jana yake kwa majaribio. Akawageukia waliokuwa nyuma.

"Mama zangu, shukeni. Mimi sisikii. Ni siku nyingi sisikii. Huyu mtoto ndiye aliyekuwa akinisikilizia."

Wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakishikana mikono, na kila aliyefika chini alimwamkia shikamoo, hata waliokuwa wameshamwamkia asubuhi. Aliwaitikia wote kwa kuwatazama midomo. Sista alikuwa amekaa kwenye kisiki cha mgrevilea, amejifunika uso, anarudia kwamba angewaua. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akamtazama baba kama anayemhesabia miaka yote aliyodhani anamnunia.

Mimi nilikasirika. Watu hutegemea niseme nililia au nilimshukuru Mungu, na hayo yalikuja, lakini kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimelinda kitu kile kwa homa, kwa uongo, kwa kumchelewesha mwanaume mwema, na yeye anakimwaga uani mbele ya kwaya nzima, siku yangu ya harusi. Nilimwambia hivyo, usoni, kwa midomo mikubwa. Akanijibu kwamba nilikuwa naolewa, na hakutaka niondoke na mzigo wake. Kisha akanitazama miguuni akasema nikavae viatu.

Kwaya ilikwenda kwa miguu. Walishuka mteremko wakiimba, na ukungu ulipowameza tuliendelea kuwasikia, yaani sisi tuliokuwa tunasikia. Padri alingoja. Lori lilibaki uani na halikuendeshwa na baba tena. Mwishoni alilichukua mtu wa Machame, na siku linaondoka baba alikwenda shambani tangu alfajiri.

Kanisani tuliingia pamoja, nimemshika mkono. Akanikabidhi, akarudi benchi la mbele, nyuma yangu. Niliapa kama wanavyoapa wote, taabu na raha, ugonjwa na afya, kwa sauti inayosikika mpaka mlangoni, kwa sababu nilimtaka baba asikie, na nilijua ninaposema kwamba ni bure.

Tulipotoka nje mpiga picha alikuwa anatupanga. Baba akaja, amevua kofia, akasimama mbele yangu kabisa. Alisema alikuwa nyuma yangu na hakuniona midomo. Akaniuliza nilisemaje. Katika miaka ile yote hakuwahi kumwambia mtu yeyote arudie neno.

Nilimwachia mume wangu mkono. Nikamgeukia baba, nikasema kiapo changu upya, chote, polepole, neno kwa neno, huku mpiga picha ameshusha kamera na watu wa Sanya Juu wananong'ona kuna nini. Nilipofika kwenye ugonjwa na afya sauti ilinikatika, ila kwake haikuwa na tofauti, nikaendelea na midomo peke yake mpaka mwisho. Hakupepesa macho.

"Sasa nimesikia," akasema, akavaa kofia, akaenda kusimama upande wa mama.